Chai Niliyonyimwa Miaka Kumi na Tisa

Barua zenu nimezipata. Mmoja ameniita mwongo, mwingine ameniita mwizi wa jina, na mama mmoja wa Baoding ameniambia niache kulialia nirudi jikoni. Asante, mama. Jikoni ndiko ninakofanya kazi, kantini ya shule ya msingi, na huko pia nalia.

Kwa anayeanza kunisoma leo, habari ni fupi. Naitwa Kou Lianfang, mwanamke wa miaka thelathini na saba, mzaliwa wa Yanqiao mkoani Hebei. Nimejifunza mkuki kwa Mzee Xing Zhaoting tangu nikiwa na miaka kumi na minane. Miaka kumi na tisa nafagia ua wake, namenya vitunguu vyake, nazungusha mkuki mpaka mabega yanawaka moto, na bado mzee hajanipokea kuwa mwanafunzi wa ndani.

Kwetu kupokewa si maneno. Unapiga magoti, unampa mzee chai kwa mikono miwili, akinywa basi yamekwisha. Jina lako linaingia kwenye kitabu cha ukoo wa mkuki, na kuanzia siku hiyo humwiti tena Mwalimu. Unamwita Shifu, naye ni baba yako mpaka mmoja wenu azikwe.

Kila mwaka mpya nimepiga magoti na kikombe changu. Kila mwaka mzee ananitazama, anakohoa kidogo, anasema, "Weka mezani."

Weka mezani! Mnajua hasira ya kuambiwa hivyo mbele za watu, mwaka baada ya mwaka, na kikombe kinakuunguza vidole?

Basi mashindano ya kimataifa ya mitindo ya jadi yakaja kwetu Yanqiao, nchi thelathini na moja. Kundi la mikuki ya koo lilitaka wanafunzi wa ndani tu. Kwenye fomu palikuwa na kisanduku: jina la mwalimu wako, na wewe ni kizazi cha ngapi. Nikaandika, "Xing Zhaoting, kizazi cha sita." Kwa mkono wangu. Hakuna aliyenishikia kisu.

Wiki jana mliniacha nimegundua kwamba maneno ya kisanduku hicho yanasomwa kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukisikia. Na mzee wangu amepewa kiti cha mgeni wa heshima, safu ya kwanza.

Haya, tuendelee.

Saa moja asubuhi nilikuwa dirishani pa ofisi ya usajili. Bibi wa ofisi alikuwa anakula mkate wa nyama ya punda, mafuta yanamchuruzika mpaka kiganjani.

"Dada yangu, naomba kubadilisha fomu."

"Jina limekosewa?"

"Hapana."

"Mwaka wa kuzaliwa?"

"Hapana. Kizazi."

Akaacha kutafuna. "Kizazi kimekosewaje? Umezaliwa upya?"

"Nataka kifutwe tu."

"Ukifuta kizazi, unatoka kundi la koo. Ukitoka kundi la koo, unaingia kundi la wazi. Kundi la wazi lilicheza jana. Kwa hiyo ninayemfuta ni wewe. Nikufute?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ndiyo. Ningesema ndiyo, leo nisingekuwa nawaandikia. Nikasema, "Acha tu, dada."

"Nimeacha. Halafu hujaona kijitabu? Umependeza kweli."

Akanisogezea kijitabu cha mashindano. Ukurasa wa kumi na nne, picha yangu, jicho moja limefumbwa, na chini yake kwa Kichina na Kiingereza: mwanafunzi wa ndani wa Xing Zhaoting. Lugha mbili! Mimi sijawahi kutoka nje ya mkoa, uongo wangu unakwenda mpaka Brazili.

Nikamkimbilia mtangazaji, Bi. Meng, nikamkuta anamumunya dawa ya koo.

"Bi. Meng, nikiingia, soma jina langu na wilaya tu. Yale mengine yaruke."

"Mimi nasoma kilichoandikwa, mpenzi. Mwaka juzi niliruka neno moja, timu nzima ikagoma kuingia zuliani kucheza."

"Basi soma haraka haraka."

"Nitasoma polepole, kwa sauti nzuri. Kizazi cha sita si mchezo."

Nilitaka kumnyang'anya ile dawa niikanyage.

Nilipogeuka, nikakutana na Xing Bolin. Huyu ni mtoto wa kaka yake mzee, ndiye kiongozi wa timu yetu. Ana kikundi chake cha kupiga sarakasi na ngoma kwenye maduka makubwa, nywele kazipaka mafuta mpaka nzi atateleza. Alikuwa ameshika kijitabu, ukurasa wa kumi na nne.

"Shikamoo, mwanafunzi wa ndani!"

"Bolin, niache."

"Nikuache vipi na wewe sasa ni familia? Chai ilinywewa lini? Maana mimi sikualikwa, wala mke wangu hakualikwa, wala mzee mwenyewe nadhani hakualikwa."

"Kama una la kusema nenda kamwambie."

"Mimi? Mimi ni kiongozi wa timu, dada. Nikisema leo, medali ya wilaya inapotea." Akanipigapiga begani na kile kijitabu. "Wewe shinda kwanza. Tutaongea ukishashinda."

Nikamwangalia anavyoondoka anapiga mluzi, nikaona bora mzee asikie kutoka kwangu kuliko kwa yule. Nikaamua. Nitampigia magoti, nitamwambia, "Mwalimu, nimeiba jina lako, nipige." Akinifukuza anifukuze. Nikaelekea ukumbi mdogo wa kujipasha moto.

Na hapo ndipo mkosi ulipokuwa unanisubiri.

Mzee alikuwa amesimama katikati ya wageni, amezungumza tangu asubuhi, sauti imekauka. Mbele yake, chini kwenye mkeka, kulikuwa na Ildikó. Huyu ni binti wa Hungaria, miaka ishirini na nne, anakuja kwetu kila mwaka, huu ni wa tatu sasa. Ni mtoto mzuri, sina ugomvi naye. Tangu siku ya kwanza anamwita mzee Shifu, kwa kuwa ndivyo alivyosikia huko kwao, na sisi tulimwacha kwa kuwa ni mgeni.

Ildikó alikuwa amepiga magoti anafunga bandeji kwenye kifundo cha mguu. Mzee akakohoa. Binti akainua kichwa, akaona mzee ana kiu, akafungua chupa yake ya chai, akamimina kwenye kifuniko. Akampa kwa mikono miwili, maana tulimfundisha wenyewe kwamba mkubwa hapewi kitu kwa mkono mmoja. Hakuinuka, bandeji ingefunguka.

"Shifu, kunywa."

Na mzee akanywa. Yote. Mpaka akalamba midomo.

"Jamani!" akapiga kelele mwanamke wa televisheni ya wilaya. "Mmeona? Mpiga picha, umechukua? Mzee Xing amepokea mwanafunzi wa ndani!"

Ukumbi ukalipuka makofi. Simu zikainuka juu. Afisa michezo wa wilaya akaja mbio, akamshika mzee mkono akautikisa mpaka kifuniko cha chupa kikadondoka.

"Hongera, Mzee! Wa kwanza maishani mwako, tena mgeni! Hii ndiyo maana ya kimataifa!"

Uso wa mzee ulikuwa wa mtu aliyegundua amepanda gari siyo.

Mwanamke wa televisheni akamsogezea kipaza sauti. "Mzee, ni kweli hujawahi kumpokea mtu hata mmoja?"

"Sijawahi," akasema. Lilimtoka kabla hajafikiri.

"Na huyu ndiye wa kwanza?"

Mzee akamtazama Ildikó, bado yuko magotini, anatabasamu, haelewi kitu. Akamtazama afisa michezo, aliyekuwa hajaachia mkono wake. Angesema hapana, angemwaibisha binti wa watu mbele ya nchi thelathini na moja. Akameza mate.

"Ndiye."

Niliumia. Sitafuti maneno ya kupamba. Miaka kumi na tisa ya weka mezani, weka mezani, na huyu anapewa kwa sababu mzee alikuwa na kiu!

Ildikó akanijia mbio, bandeji inaburuta nyuma yake. "Dada Lianfang! Watu wanapiga makofi kwa nini? Mimi bado sijacheza."

"Umempa mzee chai."

"Ndiyo. Koo lake kavu."

"Umepiga magoti."

"Nilikuwa nafunga mguu!"

Nikacheka. Cheko la hasira, lile la kutokea puani. "Basi hongera. Kwenye kitabu wewe ndiye wa kwanza. Hata nikipokewa kesho, nitakuita dada mkubwa."

Akafikiri, akihesabu kwa vidole. "Lakini mimi mdogo. Wewe umri kama mama yangu kidogo."

"Ildikó, nyamaza."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Ndiyo maana nataka kulia."

Nikapenya katikati ya watu mpaka kwa mzee, nikamvuta mkono wa koti. "Mwalimu, nina neno."

"Baadaye."

"Haliwezi kungoja, Mwalimu."

"Lianfang, nimeshasema neno moja leo, limenitosha. Nenda kapimishe mkuki wako."

"Mwalimu, ni kuhusu fomu..."

"Nenda!"

Hakuwa amenifokea hivyo tangu mwaka nilipovunja dirisha lake. Nikaenda. Kwenye ukaguzi wa silaha wakanisimamisha mkono juu, wakaulaza mkuki ubavuni mwangu, wakaona unapita ncha za vidole, wakabandika karatasi ya kijani. Na jina langu likaitwa.

Nikasimama ukingoni mwa zulia. Kipaza sauti kikakwaruza. Bi. Meng akasoma kama alivyoahidi, polepole, kwa sauti nzuri.

"Kou Lianfang, wa Yanqiao. Mwanafunzi wa ndani wa Xing Zhaoting. Kizazi cha sita."

Halafu akarudia kwa Kiingereza, kama vile mara moja haikutosha.

Nikamwona mzee kwenye safu ya kwanza. Alikuwa anaongea na jirani yake. Akaacha. Kichwa kikainuka, macho yakanijia moja kwa moja.

Ningeweza kuutua mkuki. Badala yake nikacheza. Nilicheza kwa hasira ya kila kikombe kilichopoa mezani. Mkuki ulipiga zulia mpaka watu wa safu za mbele wakarudisha miguu, shada jekundu la shingoni mwa mkuki likawa moshi. Sikutetereka hata mara moja. Nilipofunga na kusalimu, nilikuwa nahema kama nimepanda ghorofa ishirini, na ukumbi ulikuwa umesimama.

Tisa nukta moja nane. Wa kwanza. Aliyenifuata, dada mmoja wa mkoa wa Shanxi, alipata tisa nukta moja tano.

Bolin akanikumbatia kwa nguvu. "Nilikuambia! Wewe funga mdomo, dada, funga kabisa. Nimeshapanga na televisheni, ukivishwa medali utasema neno la shukrani."

Dakika kumi hazikupita. Bi. Meng akarudi hewani: matokeo ya mikuki ya koo yamesimamishwa, kuna pingamizi.

Aliyeleta pingamizi alikuwa Bwana Tong, kiongozi wa timu ya Shanxi, mwanaume mwembamba mwenye simu kubwa. Tukaitwa kwenye chumba cha rufaa. Meza ndefu, mwenyekiti Bi. Ruan katikati, mwanamke ambaye nadhani hata mumewe anamwogopa.

Bwana Tong akawasha simu yake. Sauti ya mzee ikajaa chumbani: "Sijawahi." Kisha: "Ndiye."

"Hii ni ya leo asubuhi," akasema Bwana Tong. "Mzee mwenyewe anakiri hajawahi kupokea mtu, wa kwanza ni yule binti wa Hungaria. Sasa naomba nisaidiwe. Huyu mama aliyetushinda kwa nukta sifuri tatu ni mwanafunzi wa ndani wa nani? Wa jirani?"

Mlango ukafunguliwa, mzee akaingia. Hakuniangalia.

"Mzee Xing," akasema Bi. Ruan, "hapa hatubishani. Neno lako ndilo tutakaloandika. Kou Lianfang ni mwanafunzi wako wa ndani?"

Nisomeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye aibu yangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Mwenyekiti, mzee hana habari, niliandika mwenyewe." Mdomo niliufungua. Nilifungua kabisa. Nikaona ile tisa nukta moja nane, nikaufunga.

"Ni wangu," akasema mzee.

Bwana Tong akaruka. "Na video?"

"Nilisema yule binti ni wa kwanza. Wa kwanza kutoka nje."

"Hukusema kutoka nje!"

"Nilikuwa na chai mdomoni."

"Kitabu cha ukoo kiko wapi, tuone jina lake?"

"Kiko nyumbani, sandukuni. Wewe cha kwenu umekuja nacho uwanjani?"

Bi. Ruan akaandika, akapiga muhuri. Pingamizi limekataliwa. Bolin akatoka anarukaruka kutafuta watu wa televisheni. Mimi nikamfuata mzee koridoni, nikapiga magoti kwenye vigae.

"Shifu!"

"Usiniite hivyo."

"Umesema mimi ni wako!"

"Nimesema uongo. Inuka, watu wanapita."

Sikuinuka. Akainama yeye, uso wake karibu na wangu, na sikuona hasira, niliona mtu amechoka.

"Nina miaka sabini na sita, Lianfang. Leo nimedanganya mara mbili. Mara moja kwa sababu ya kiu, mara moja kwa sababu yako. Ile ya kiu nimejisamehe."

Hapo na mimi nikachemka. "Na kwa nini nilifika huko? Kwa nini? Nimekukosea nini mimi miaka yote hii? Kikombe nakuletea, unasema weka mezani! Mkuki wangu mbaya?"

"Mkuki wako mzuri kuliko wangu."

"Basi ni kwa sababu mimi ni mwanamke."

"Hata."

"Sasa nini?"

Akatazama huku na huku. Akashusha sauti kama anaungama wizi. "Mwanafunzi wa ndani ndiye anayevaa kitambaa cheupe kichwani siku ya mazishi. Ndiye anayetembea mbele ya jeneza. Mwalimu wangu alinipokea mwezi wa tatu, mwezi wa tisa nikamzika. Kaka wa mwalimu wangu naye alipokea mtu, mwaka haukuisha akazikwa. Kila ukija na kile kikombe, naona jeneza langu linakuja."

"Yaani miaka kumi na tisa... unaogopa kufa?"

"Wewe huogopi?"

Jamani, nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa pamoja. Nilijinyima usingizi nikitafuta kasoro kwenye hatua zangu, kwenye tabia yangu, kwenye ukoo wangu, kumbe kasoro ni kwamba mzee hataki kufa.

"Mwaka huu nilikuwa nimeamua," akasema. "Daktari kaniambia moyo wangu mzima. Ukija na chai mwaka mpya, nilikuwa nanywa."

"Usiniambie hivyo."

"Nakuambia. Ulibakiza miezi mitatu."

Nikalia. Sikujali nani anapita. Miezi mitatu, na mimi nimekimbilia kalamu!

Mzee akaningoja nimalize. "Sasa sikiliza. Ingia ndani uwaambie uliandika mwenyewe. Medali waichukue. Ukitoka, nakunywa chai yako hapa hapa koridoni, mbele ya anayetaka kuona. Lakini ukiivaa ile medali, usikanyage tena kwangu."

"Nikisema hivyo, Mwalimu, watajua na wewe umewadanganya."

"Wewe sema lako tu. Langu nitalisema mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Umenielewa? La kwako tu."

"Nimeelewa."

Mlangoni mwa korido alikuwa amesimama Ildikó, sijui tangu saa ngapi, macho mekundu. Nadhani alielewa nusu. Akainua chupa yake. "Dada, chai ipo. Moto bado."

Basi kwa mara ya kwanza siku ile nikaona njia. Nikajifuta uso kwa mkono wa nguo, nikaingia ukumbini.

Bi. Meng alikuwa ananiita mara ya pili. Jukwaa la washindi lilikuwa tayari, dada wa Shanxi ameshapanda ngazi yake, hataki hata kuniangalia. Nikapanda juu. Binti mwenye trei akaja, medali ndani yake inameta. Nikamzuia kwa mkono.

"Subiri kwanza."

"Aanze na shukrani!" akasema Bolin kutoka chini, anacheka kwa ajili ya kamera, akanipa kipaza sauti.

Sentensi zangu nilikuwa nimezipanga. Kwamba mimi Kou Lianfang niliandika kizazi cha sita bila ruhusa. Kwamba mzee hakujua, na alichosema chumbani alikisema kunisitiri. Hapana, hilo la pili nisiseme, ni lake. La kwangu tu. La kwangu tu.

Nikainua macho. Kushoto, Bwana Tong amekunja mikono anatabasamu. Mlangoni, mzee amesimama, kofia mkononi, ananitikisia kichwa kidogo kunipa moyo. Nikapumua, nikafungua mdomo.

"Mzee Xing amewadanganya," nikasema.

Sijui lilitoka wapi. Nawaapia sijui! Vipaza sauti vikalipeleka mpaka safu ya mwisho, na Bi. Meng, mtu wa kazi, akalitafsiri kwa Kiingereza hapo hapo.

"Hapana, ngoja, mimi..."

Bolin alikuwa ameshapanda. Akanipokonya kipaza sauti, akakizima. Nikapiga kelele kwa mdomo mtupu, "Ni mimi! Niliandika mimi!", mara tatu, mara nne, lakini ukumbi mzima ulikuwa umesimama unazomea, hata dada wa Shanxi hapo chini yangu hakunisikia.

Na mzee hakusikia. Bi. Ruan alikuwa ameshamfikia pale mlangoni, na mbele ya watu wote alikuwa anamvua beji ya mgeni wa heshima.